Mfungwa Namba 36

Mtu akishapewa kabati la kioo lenye taa ndani, akaweka kitu juu ya kitambaa cheusi na kukiandikia kibao, basi neno lake limekuwa kweli. Hakuna wa kumuuliza. Wageni watapita mikono mgongoni, watasoma, watatikisa vichwa, wataenda zao. Fundi naye alikuwa hivyo hivyo, tusidanganyane. Majumba mawili ya kwanza ya makumbusho aliyapita akitikisa kichwa kama wenzake. La tatu ndilo lililompandisha mori, na ukiniuliza mimi nitakwambia alistahili kukasirika zaidi ya alivyokasirika.

Fundi ni mwanamke, na ni fundi viatu, ingawa mpaka leo wapo wateja wanaoingia kibandani kwake, wakamkuta na nyundo mkononi, wakamuuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Mpango wa majumba ya makumbusho haukuwa wake. Ulikuwa wa mumewe, karani wa posta, mtu wa foleni na fomu, ambaye hata nyumbani kwake hugonga mlango wa choo mara mbili na kusubiri ajibiwe. Binti yao alikuwa ametimiza miaka sita na baada ya wiki tano angeanza darasa la kwanza. Baba mtu akaona kabla mtoto hajawekwa dawatini, bora aione dunia kidogo. Akaandika orodha na kuibandika kwenye mlango wa jokofu: Jumamosi ya kwanza stempu, ya pili wadudu, ya tatu kazi za mikono.

Kwenye stempu mtoto alilala. Kwenye wadudu aliuliza maswali mpaka mlinzi akahama chumba. Hawakumpa jina la Chiriku bure. Akiamka asubuhi ulimi wake unatangulia macho kufunguka. Huyu Chiriku alizaliwa mguu wa kulia mfupi kuliko wa kushoto, na wayo wake mdogo, umejikunja kidogo kwa ndani. Nyumbani kwao halikuwa jambo la kunong'onezwa. Mama yake alimshonea kiatu cha kulia chenye soli iliyoinuliwa kwa tabaka za ngozi, na mtoto akakimbia nacho, kishindo kimoja kizito na kimoja chepesi, ukimsikia kutoka chumba cha tatu. Hajawahi kuuliza kwa nini yuko hivyo. Aliamini kila mtu ana mguu mkubwa na mguu mdogo, ila wengine wanaficha.

Jumba la tatu lilikuwa ghala la zamani lililopakwa rangi nyeupe, na rangi bado ilinuka. Mlangoni waliambiwa waache maji na biskuti za mtoto, kisha wakaelezwa kwamba kugusa ni marufuku, kukimbia ni marufuku na kelele ni marufuku. Baba akaitikia yote matatu kwa niaba ya familia. Chiriku akauliza kama kupumua kunaruhusiwa. Alipojibiwa kwamba kunaruhusiwa, akashukuru.

Fundi alikwenda shingo upande. Majuma mawili kabla ya shule kufunguliwa, fundi viatu hana hata nafasi ya kujikuna, na kibandani alikuwa ameacha jozi thelathini zinamsubiri. Lakini alipofika chumba cha ngozi, roho yake ikatulia. Humo alikuta sindano za kushonea soli, madonge ya nta, visu vilivyonolewa mpaka vimebaki wembamba wa jani. Akamwonyesha mtoto hiki na kile, akamwambia hiki tunacho, hiki tunacho, hiki babu yako alikuwa nacho akakivunja kwa hasira. Baba mtu alikuwa nyuma anasoma vibao vyote kwa zamu, neno kwa neno, asije akaulizwa.

Kwenye pembe ya chumba palikuwa na kabati la kioo peke yake, na ndani yake kalibu mbili. Kalibu, kwa asiyejua, ni mguu wa mbao. Fundi hashoni kiatu hewani. Anachonga kwanza mfano wa mguu wa mteja, anauvisha ngozi iliyolowa, anaivuta na kuishikiza kwa misumari midogo mpaka ikauke na kushika umbo. Kisha anashona soli, anachomoa kalibu, anabaki na kiatu. Ni kipande cha mbao kilichojaa kama gogo, na juu kina tundu moja la kuingizia ndoana ya kukivutia nje. Kati ya kalibu zile, moja ilikuwa ya mguu wa kawaida wa mwanamke. Ya pili ilikuwa fupi, imejikunja kwa ndani, na ubavuni imegongelewa vipande vya ngozi kimoja juu ya kingine, pale ambapo mfupa wa mwenye mguu ulikuwa umetokeza.

Mwenye macho haambiwi tazama. Fundi hakusoma hata kibao. Aliujua mkono wa baba yake kama anavyoujua wa kwake, na namba zilizochongwa kisiginoni, 36 kwenye ndefu na 33 kwenye fupi, zilikuwa na zile tatu zake zenye kichwa bapa. Zilikuwa kalibu za mama yake. Mama yake alikuwa mkunga, na kwa mguu ule mfupi alitembea nyumba kwa nyumba miaka thelathini na tano, kwenye tope na kwenye jua, akazalisha nusu ya watu wa mtaa. Baba yake alimpima mguu kwanza, akamwoa baadaye. Wiki ya msiba wa mzee, mwenye nyumba aliyempangisha kibanda alileta mkokoteni akazoa kila kilichokuwemo, na familia ilipotoka kwenye matanga ikakuta kufuli jipya. Miaka kumi na miwili Fundi aliamini kalibu zile ziliishia jikoni kwa mtu, kuni. Mama yake alivaa viatu vya kukisia mpaka alipofariki.

Sasa zilikuwa mbele yake, zimepanguswa vumbi. Alipiga magoti mbele ya kioo, akamvuta mtoto ubavuni, na machozi yalikuwa yanamlengalenga kwa furaha. Akamwambia, "Unaiona hii fupi? Huu ni mguu wa bibi yako. Sawasawa na wako."

Chiriku akabandika pua kwenye kioo. Alikuwa ameshafungua kinywa kuuliza swali la kwanza kati ya mia, ndipo mlango ukajaa watoto wa shule waliokuwa kwenye ziara ya likizo. Walikuwa kama arobaini hivi, na sweta za buluu zenye ukosi wa njano, na Fundi akaitambua sare mara moja, maana zile jozi thelathini kibandani nyingi zilikuwa za shule hiyo. Ndiyo shule ambayo Chiriku angeanza. Mbele yao alikuwa mtembeza wageni, msichana mchangamfu mwenye kipaza sauti kidogo kilichoning'inia shingoni, na nyuma mwalimu wao aliyechoka. Wakalizunguka kabati, na familia ikasogezwa kando kidogo.

Mtembeza wageni akasoma kibao. Viatu vya adhabu, kikasema kibao. Mbao na misumari. Vilifungwa kwa kamba chini ya nyayo za wafungwa, kimoja kikafupishwa makusudi ili mvaaji asiweze kukimbia. Matundu ni ya misumari iliyotokeza kumchoma. Namba 36 ni ya mfungwa, 33 ni ya chumba chake.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kibao hakikumtosha yule msichana, akatia na chumvi yake. Aliwaambia watoto kwamba zamani ukimwona mtu anachechemea, basi ulijua huyo ana kosa, na kila mtu alimkwepa njiani. Kisha, ili waelewe vizuri, akaigiza. Akavuka chumba kizima akichechemea, kishindo kimoja kizito na kimoja chepesi, na kipaza sauti kikavikuza vishindo. Watoto wakacheka, wanne watano wakafuata nyuma yake wakimwiga. Msichana mmoja mwenye ukosi wa njano akageuka, akakiona kiatu cha Chiriku chenye soli nene, akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Neno likapita kutoka mdomo hadi mdomo, na Fundi akalisikia linavyopita. Mfungwa.

Mtembeza wageni naye akakiona kile kiatu. Hapo angeweza kugeuza macho tu. Badala yake akamtazama mtoto kwa huruma, ile huruma ya kumtazama ndama wa kuchinjwa, akawaongoza wanafunzi kwenda chumba cha nyuzi.

Yote haya yalichukua dakika tatu. Fundi alikuwa bado amepiga magoti, mkono wake kwenye kiuno cha mtoto. Chiriku akamnong'oneza, yeye ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe.

"Mama, bibi aliiba?"

Fundi akamwambia hapana, bibi hakuiba, yule dada amekosea. Mtoto aliitazama ile kalibu, akaangalia kiatu chake, akaitazama kalibu tena.

"Na mimi nilifanya nini?"

Jamani, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wapo watu wanaosema hasira huanzia kichwani. Ya Fundi ilianzia magotini, ikapanda, na ilipofika kooni alikuwa ameshasimama wima. Akamwambia mumewe kwamba haondoki ndani ya jengo lile mpaka karatasi ile itoke kwenye kabati, na itoke mtoto akiona kwa macho yake. Mtoto akiondoka hapo anaamini mguu wake ni adhabu, alisema, ataamini hivyo mpaka uzee, na hakuna ngozi utakayoshona ikamfaa.

Mumewe naye alikuwa ameumia, msimwonee. Lakini kila mtu na dawa yake, na dawa ya karani ni fomu. Alikwenda mapokezi mbio mbio, akarudi na fomu ya malalamiko ya kurasa mbili na taarifa kwamba malalamiko yote hujibiwa ndani ya siku kumi na nne za kazi. Fundi alimuuliza kama mtoto naye aambiwe asubiri siku kumi na nne ndipo ajue kama ana kosa. Karani akaanza kujaza sehemu ya kwanza, jina na anwani.

Akaitwa mkuu wa zamu. Alikuja kijana mwenye miwani, glavu nyeupe mfukoni na ufunguo shingoni, na Fundi moyoni akampa jina la Msomi, maana kabla hajasalimu alikwisha kusema amesoma nini na wapi. Msomi alimsikiliza kwa upole wa kukera, kichwa kimeinama upande. Halafu akaeleza kwamba vitu hivyo vimefanyiwa utafiti wa kina. Walivinunua kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale mwenye sifa, na mfanyabiashara ndiye aliyetoa historia yake, na kamati ikaipitia. Anaelewa hisia za mama. Wageni wengi huguswa na chumba hiki.

Fundi alimuuliza swali moja.

"Mguu unaingia wapi?"

Msomi akasema hauingii, ulifungwa juu. Fundi akataka aonyeshwe pa kupitisha kamba. Msomi akasema labda ilipita kwenye tundu la juu. Fundi akamweleza kwamba tundu la juu ni la ndoana, na akamweleza ndoana inafanya nini, na misumari inashikiza nini, na zile ngozi ubavuni ni za mfupa gani, yote kwa sauti ya kawaida. Akamwambia baba yake alizichonga, akamtajia kibanda kilikuwa wapi. Msomi akajibu kwamba kumbukumbu za kifamilia ni muhimu sana, ila hazina budi kuthibitishwa. Kisha, kwa kutaka kumnyamazisha kistaarabu, akavaa glavu, akafungua kabati na kutoa ile kalibu ndefu, amwonyeshe matundu ya mateso kwa karibu.

Hapo alijipalia makaa mwenyewe. Fundi alimgeukia mwanawe, akamwomba kiatu chake cha kulia kidogo tu, amwonyeshe huyu kaka kiatu kinavyotoka kwenye kalibu. Kwa kawaida Chiriku angekivua na kukirusha. Siku ile alirudi nyuma, akauficha mguu nyuma ya suruali ya baba yake, akatikisa kichwa. Alikuwa anaficha. Fundi aliona, na karani aliona, na kalamu ya karani ikasimama kwenye sehemu ya tatu.

Basi Fundi akavua cha kwake, cha kushoto. Akaichukua kalibu mikononi mwa Msomi bila kuomba ruhusa, akailegeza kamba ya kiatu, akaiingiza mbao ndani ya kiatu kwa ule mzunguko wa kifundo cha mkono ambao ameufanya mara elfu. Mguu wa mama yake na wa kwake ni kipimo kimoja. Kiatu kikakaa pale kama kimezaliwa pale.

"Umeona?" akamwambia. "Mbao ndiyo inayovaa kiatu. Hakuna mtu aliyewahi kuivaa hii mbao. Sasa soma namba ya ndani ya kiatu changu."

Msomi akasoma. Ilikuwa 36.

"Kwa hiyo mimi ni mfungwa nimetoroka. Vua na wewe tuone ni mfungwa namba ngapi."

Kijana wa watu, sijui ni kwa uoga au kwa ule utii wa wasomi kwenye jambo linalothibitishika, akainama akavua. Alikuwa 43. Alisimama na soksi moja katikati ya chumba cha ngozi, kiatu mkononi, akakitazama kwa muda mrefu kuliko tarakimu mbili zinavyohitaji. Masikio yake yakaanza kuiva. Akasema polepole kwamba kamati hukutana kila baada ya miezi mitatu, na kwamba kwa sasa anaweza kuongeza kikaratasi cha kusema maelezo haya yanapitiwa upya. Fundi alimtazama tu, kisha akamtazama mtoto nyuma ya suruali, na Msomi naye akafuata macho yake mpaka pale. Nadhani ndipo alipomwona kwa mara ya kwanza. Akaingiza mkono kabatini, akakichomoa kile kibao cha karatasi, akakikunja mara mbili akakitia mfukoni.

Karani akashusha pumzi. Akasema haya, yamekwisha, twende zetu tukanywe maji. Na kweli wengi wangeishia hapo. Fundi mwenyewe alikuwa karibu kuishia hapo, mkono umeshaanza kuvuta kiatu kitoke kwenye kalibu.

"Na wale?" akauliza Chiriku.

Wale gani, mama yake akamuuliza.

"Wale wenye sweta. Wao wameshaambiwa."

Karatasi ilikuwa imetoka, ndiyo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka na watoto arobaini, yamevuka chumba cha nyuzi na chumba cha chuma, na baada ya wiki mbili yangekuwa yanamsubiri mtoto huyu getini pa shule, na watoto wenyewe wameshafanya mazoezi ya kuuiga mwendo wake. Mtoto wa miaka sita ndiye aliyeliona hilo, na watu wazima watatu walikuwa wanajipongeza kwa karatasi. Nje ikasikika injini ya basi ikiwashwa.

Fundi alitoka mbio kama alivyo, mguu mmoja na kiatu na mmoja pekupeku, mtoto kamshika mkono wa kulia na kalibu kwapani kushoto. Msomi akamfuata akichechemea kwa soksi yake, akiita kwamba kitu hakiruhusiwi kutoka chumbani, mama, tafadhali, kina namba ya usajili. Mlangoni alisimama mlinzi, mtu mnene mwenye redio ya mkononi, akanyoosha mkono akadai kibali cha kutolea kitu. Na hapa nampa karani haki yake. Alipenya mbele ya mkewe, akamkabidhi mlinzi ile fomu ya malalamiko, kurasa mbili, imejazwa kwa mwandiko safi wa posta mpaka sehemu ya tano, akamwambia asome kwa makini, hasa ukurasa wa pili. Mlinzi akatafuta miwani yake. Alipoipata, familia ilikuwa uani.

Mtembeza wageni alikuwa kwenye mlango wa basi anawaaga watoto. Alipomwona mwanamke anakuja na mguu mmoja pekupeku na mguu wa mbao uliovaa kiatu, tabasamu likamkauka. Fundi alimwambia kwa ufupi kilichotokea ndani, na Msomi, aliyefika akihema, akathibitisha kwa kichwa kwamba kibao kimeondolewa. Msichana akasema pole sana, dada, kweli hakujua, yeye husoma alichoandikiwa. Fundi akamwambia kwamba kuchechemea hakuandikiwa. Msichana akainamisha macho.

Mwalimu akakumbusha kwamba wamechelewa. Dereva akakanyaga mafuta kidogo. Fundi akapanda ngazi za basi, akampandisha na mtoto, akamtaka msichana apande pia, na kwa namna alivyolitamka hilo hata mwalimu akasogeza mkoba wake kupisha.

Watoto arobaini wakageuza vichwa. Yule msichana wa kiwiko alikuwa kiti cha mbele, na akakiangalia tena kiatu cha Chiriku, na Chiriku akajibanza kwenye sketi ya mama yake. Mtembeza wageni akawasha kipaza sauti chake. Akaanza kwa ile sauti ya kazini, kwamba wapendwa wanafunzi, kuna marekebisho madogo kuhusu maelezo ya chumba cha ngozi.

"Si marekebisho," Fundi akasema. "Uliwaambia kitu ambacho si kweli. Waambie hivyo."

Msichana akasema alichowaambia hakikuwa kweli. Akasema zile mbao ni kipimo cha fundi cha kushonea viatu, na mwenye mguu ule alikuwa mkunga, na hakufungwa, na hakuna mtu aliyewahi kuadhibiwa kwa zile mbao. Fundi akaiinua kalibu juu na kiatu chake, ionekane, akakichomoa kiatu, akakirudisha, wakaona. Mtu wa viti vya katikati akasema aah, kwa sauti ya aliyeelewa hesabu.

Chiriku alikuwa anamtazama msichana wa kipaza sauti tangu mwanzo, bila kupepesa. Aliuachia upindo wa sketi.

"Kwa hiyo mimi sikufanya kosa?"

Kipaza sauti kilimnasa, na swali likasikika mpaka kiti cha mwisho. Hapakuwa na mtu aliyecheka. Msichana akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto, na sauti ilipomtoka haikuwa tena ya kazini.

"Hukufanya kosa lolote. Kosa nimefanya mimi."

Alilisema chini chini, uso umemwiva, na kipaza sauti kilikuwa kimegeukia upande. Dereva alikuwa ameshaizima injini. Mwalimu akatazama dirishani. Msomi, pale chini na soksi yake, akainua mkono kuonyesha kwamba sasa inatosha. Fundi alisimama palepale kwenye njia ya katikati, mguu mmoja pekupeku.

"Wa nyuma hawajasikia," akasema. "Rudia."